Uchafu wa Uwanjani Unakwenda Wapi?



Mwezi wa Aprili ukielekea ukingoni, mawingu hupungua juu ya Likasi na asubuhi huanza kuwa na ubaridi. Huo ndio wakati ambapo wenye maduka, wenye maghala na wenye viwanja vya malori hutoka kuitazama ardhi yao. Masika yamewaachia kazi: matope yaliyokauka mapandemapande, mifereji iliyozibwa na mifuko ya plastiki, mashimo yenye maji ya kijani, na madoa meusi ya mafuta ya injini kila mahali lori lilipolala. Mambo hayo yasiposhughulikiwa kabla ya Juni, tope hugeuka vumbi, na vumbi hilo huingia katika unga, katika vitambaa vya dukani na katika vifua vya akina mama wanaouza bukari langoni.

Tunataka kuzungumza nanyi juu ya kazi hiyo. Vikundi vingi vya vijana wa parokia huombwa kila mwaka, baada ya Pasaka, kwenda kusafisha uwanja fulani ili wapate fedha za safari au za sare, na hatuoni sababu ya kuifanya kazi hiyo bila kuielewa. Sisi tuliosoma siku za Mobutu tuliijua salongo, kazi ya pamoja iliyoamriwa na serikali katika miaka ya 1970. Tulifagia ili mkaguzi apite. Taka zilisukumwa nyuma ya ukuta, mkaguzi akapita, na mvua ya kwanza ikazirudisha zote mbele ya mlango. Kwa hiyo mtatuvumilia tukisema kwamba kufagia ni somo, nalo lina sura zake.

Tuanze na maji. Katika nchi za theluji kazi kama hii hufanywa wakati baridi inapokwisha. Huko watu humwaga mchanga na chumvi miezi yote ya baridi ili magari yasiteleze, na maji yanayopenya katika nyufa za lami huganda usiku. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, yakaipasua lami kama kabari ipasuavyo gogo. Theluji ikiisha, wenye viwanja hukuta mchanga, chumvi, mafuta na mashimo kwa pamoja. Huku kwetu maji hayana haja ya kuganda. Yana msaidizi mwingine, nao ni uzito. Lori lenye trela lililojaa shaba kutoka Kolwezi hukaribia tani 50. Gurudumu lake likipita juu ya udongo uliolowa, maji yaliyo chini hayana pa kukimbilia. Hufyatuka juu yakichukua chembe ndogo za udongo. Gurudumu la pili hufanya vivyo hivyo, na la tatu. Udongo mwembamba huisha, changarawe hulegea, na hapo shimo limezaliwa. Ndiyo maana shimo likisha kupata maji hukua kwa siku chache kuliko lilivyokua kwa miezi.

Ni maji kiasi gani? Nyanda hizi za juu za Katanga hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukueni uwanja wa wastani, mita 50 kwa 40: mvua moja nzuri ya milimita 30 huuangushia lita 60,000, yaani mapipa 300 ya lita 200, kwa alasiri moja. Tumewapa wanafunzi wetu hesabu hii mara nyingi, na kila mara yupo mmoja anayeirudia kwa kudhani amekosea. Hakukosea. Mapipa hayo 300 lazima yapite mahali fulani, na yakipita hubeba kila kitu kilichoachwa ardhini.

Mahali hapo fulani ndipo lilipo jambo letu, kwa kuwa wengi wetu tunaishi Koni.

Wasomaji wa mbali huenda wanaijua Koni kwa jina la kituo cha umeme tu, kilichoanza kazi mwaka 1950 juu ya mto Lufira, kilomita chache chini ya kituo cha Mwadingusha cha mwaka 1930. Bwawa la Mwadingusha ndilo lililoeneza maji na kufanya ziwa la Tshangalele. Sasa fuateni njia ya maji kwa kidole. Mifereji ya Likasi humwaga katika vijito vya mji. Vijito huingia mto Panda. Panda huingia Lufira. Lufira huingia Tshangalele, hupita katika mitambo ya Mwadingusha, kisha hushuka hadi Koni, na mwishowe huungana na Lualaba. Mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966 umejengwa juu yetu, kwa maana ya kwamba kila kinachodondoka huko huteremka kuja huku.

Mwaka huu mfanyabiashara mmoja mwenye uwanja wa kulaza malori kando ya barabara kuu ya Lubumbashi aliomba kikundi cha vijana kwa siku mbili. Tulikwenda vijana 24 na walimu 3, tukalala katika ukumbi wa parokia iliyotupokea. Malipo yalikuwa yamekubaliwa, nayo yalikuwa ya haki. Asubuhi ya kwanza kapita wa uwanja alitugawia fagio na makoleo, akatueleza kazi kwa maneno machache: tukusanye kila kitu, tukisukume katika mfereji wa nyuma, kisha gari la maji lingekuja saa sita kusukuma yote. Kabla ya jua kukaa sawa kichwani tungekuwa tumemaliza.

Vijana walianza. Baada ya dakika chache msichana mmoja, mwenye umri wa miaka 17, alisimama akauliza: «Mwalimu, mfereji huu unatokea wapi?» Hatukuwa na haja ya kumjibu, tuliwahi kuuchora ubaoni naye akiwa darasani. Alikuwa akiuliza ili kapita asikie.

Kapita alisikia. Hakuwa mtu mbaya, na jibu lake lilikuwa na uzito. Alisema: «Mwanangu, viwanda vimekuwa vikimwaga katika vijito hivi tangu babu yako hajaoa. Ufagio wako utaongeza nini?» Tuseme kweli: alikuwa na hoja. Kinachotoka katika uwanja mmoja wa malori ni kidogo sana kikilinganishwa na kile ambacho karne nzima ya kuyeyusha shaba imetia katika maji ya Likasi. Anayewaambia vijana kwamba watauokoa mto Lufira kwa kufagia vizuri anawadanganya, nasi hatukutaka kuwadanganya. Lakini msichana yule hakudai kuokoa mto. Alisema kwa adabu, mikono ikiwa nyuma: «Baba kapita, mama yangu analoweka mihogo katika maji hayo. Siwezi kuyasukuma mimi mwenyewe.»

Ukimya ulikaa. Kisha kapita akampigia simu patroni wake.

Mazungumzo yale yalichukua saa nzima na hatutayasimulia yote. Patroni alihofia gharama: taka zikitolewa kwa lori badala ya mfereji, kuna safari ya kulipa, siku mbili zingekuwa tatu, malori yangengoja nje. Sisi tulihofia malipo, maana safari ya vijana ilitegemea fedha zile na wazazi walikuwa wamekwisha kuarifiwa. Mwishowe tulikubaliana kwamba tungefanya siku tatu kwa bei ya mbili, naye angelipa safari moja ya lori na mapipa matatu matupu. Wapo kati ya walimu waliosema kwamba tumewanyonya vijana. Tuliwauliza vijana wenyewe kwa kura ya mikono, na mikono 5 haikuinuliwa. Hao 5 hatukuwalaumu. Mmoja wao alikuwa amemwacha mdogo wake mgonjwa nyumbani, tukamtafutia gari la kurudi siku ya pili.

Sasa kazi yenyewe, kwa kuwa ndiyo mtakayoulizwa.

Uwanja husafishwa ukiwa mkavu. Maji huja mwisho, tena machache, kwa kunyunyiza tu ili vumbi lisipande. Na kila mfagiaji hufunga kitambaa puani. Mkianza kwa kumwaga maji, mnachanganya mchanga, mafuta na madini kuwa uji mmoja ambao hakuna awezaye kuutenganisha tena. Tulifagia kuanzia kingo kwenda katikati, tukafanya malundo, tukachagua kwa mikono yenye glavu: plastiki upande mmoja, vyuma na vipande vya matairi upande mwingine, mchanga safi peke yake. Mchanga safi hautupwi, ni mali. Zile punje za kijani na unga unaodondoka kutoka mifuko ya madini tulizikusanya kwa beleshi bila kuzigusa, nazo zikapewa kopo lake lenye kifuniko. Tuliwakataza vijana kula chochote kabla ya kunawa hadi kiwikoni, na tulisimama pale kwenye ndoo kama mahakimu.

Madoa ya mafuta yana dawa rahisi. Tulipata unga wa mbao kwa seremala jirani, bure, tukaumwaga juu ya madoa, tukausugua kwa ufagio mgumu, tukauacha ulale usiku kucha. Asubuhi ulikuwa mweusi. Tukaukwangua pamoja na tabaka la udongo ulionuka, tukaujaza katika mapipa. Baadhi ya wenye viwanja hufanya kinyume kabisa: humwaga mafuta machafu ya injini ardhini kwa makusudi ili vumbi lisiruke. Kwa wiki chache vumbi kweli hutulia. Novemba ikifika, mafuta yote huondoka na mvua, na mnajua yanakokwenda.

Mfereji ulikuwa umejaa hadi shingoni. Siku nzima ya pili ilikwisha hapo, na hatutaificha sifa ya wavulana 6 walioingia ndani yake hadi mapajani. Walipofika chini kabisa walikuta kwamba mfereji ulikuwa mzima, umejengwa vizuri kwa mawe; hakuna aliyeubomoa, uliachwa tu. Mahali mfereji unapoanzia tulimshauri patroni achimbe shimo la kutulizia maji, lenye kina cha mita moja na upana wa mita moja na nusu, lililojengwa kwa matofali. Maji yakiingia humo hupunguza mwendo. Mchanga huzama, mafuta huelea. Kisha bomba lililopindwa huchota maji kutoka usawa wa kati na kuyapeleka mferejini, likiacha mchanga chini na mafuta juu. Kulisafisha shimo hilo kila mwezi wa masika ni kazi ya watu wawili kwa asubuhi moja. Patroni alipiga hesabu akakubali upesi kuliko tulivyotarajia. Hoja ya mihogo ilimgusa, tunaamini. Hoja ya gharama ilimshawishi.

Yalibaki mashimo, na hapo tulikutana na watu ambao hatukuwa tumewafikiria.

Langoni, mahali malori yanapoacha lami kuingia uwanjani, kulikuwa na mashimo mawili makubwa, na kando yake wavulana wanne wa mtaa wenye makoleo. Mnawajua, wako kila mahali katika nchi yetu. Hujaza shimo kwa udongo, dereva akipita humnyoshea mkono, naye huwarushia faranga chache. Udongo huo ukitawanyika, huujaza tena. Watu husema kwamba usiku huyachimba mashimo upya. Labda wapo wanaofanya hivyo. Hawa wanne walituambia bila kuficha kwamba shimo ndilo shamba lao, na kwamba tukiliziba vizuri tumewanyang'anya chakula ili sisi tupate safari ya parokia.

Tulikaa kitako tukazungumza nao, maana neno hilo halikuwa la kupuuzwa. Mkubwa wao, kijana wa miaka 20 hivi, alitusikiliza tukieleza jinsi tutakavyochimba na kujaza, kisha akacheka. «Walimu, mtaziba leo, na Desemba litafunguka. Maji hayatoki juu. Yanatoka chini ya ukuta ule.» Alituongoza hadi ukutani, akatuonyesha tundu dogo lililofichwa na majani, ambamo maji ya kiwanja cha jirani hupenya na kupita chini ya lango. Miaka mitatu ya kulitunza shimo ilikuwa imemfundisha kile ambacho kapita, patroni na sisi wenye vyeti vya ualimu hatukukiona. Tulimwomba aongoze kazi ile ya lango. Aliuliza malipo. Patroni alisema hana bajeti ya watu wengine. Basi vijana wetu walikubali fungu lao ligawanywe kwa watu 28 badala ya 24, bila kuondoa fungu la yule aliyerudi nyumbani. Baadhi ya wazazi wamenung'unika hadi leo.

Tundu lilizibwa, maji ya jirani yakaelekezwa mferejini. Kisha tukayatengeneza mashimo kwa namna inayodumu. Kingo hukatwa wima na mraba, maana kingo zilizolala humomonyoka. Tope hutolewa lote hadi ardhi ngumu. Hujazwa kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 10 au 15, mawe chini, udongo mwekundu wa changarawe juu, na kila tabaka hushindiliwa kwa gogo zito lenye mpini hadi lisitikisike chini ya kisigino. Unyevu wa udongo hupimwa kwa ngumi: ukiukamata ukashikamana, ukauvunja ukakatika vipande viwili bila kukulowesha kiganja, uko tayari. Ukimomonyoka, ongeza maji. Ukikuacha na kiganja chenye tope, uanike. Mwisho, kiraka hupandishwa kidogo kuliko uwanja, kwa kuwa magurudumu yatakikandamiza. Msikubali kujaza kwa mabaki ya viwandani hata kama yanatolewa bure na yanashikamana vizuri. Yana metali ambazo mvua itazifungua kidogo kidogo.

Na mteremko. Uwanja usio na mteremko ni bwawa linalongoja. Sentimita 2 au 3 kwa kila mita zinatosha, na kuzipima hakuhitaji mashine: mpira mwembamba wa wazi uliojazwa maji, watu wawili, na kijiti chenye alama. Maji katika ncha zote mbili hukaa usawa mmoja, hata katikati ya mpira kukiwa na kilima. Vijana waliipenda kazi hiyo kupita zote. Walipima uwanja mzima, wakaenda kupima na ua wa parokia iliyotulaza, wakagundua kwamba maji yake yanaelekea mlangoni mwa sakristia. Padre amearifiwa.

Malori yalirudi jioni ya siku ya tatu. Mavumbi yalikuwa machache, na mama mmoja muuza bukari alisogeza meza yake karibu na lango, mahali ambapo Machi palikuwa dimbwi.

Liko jambo moja ambalo halijapata jibu. Mapipa matatu ya unga wa mbao na udongo wenye mafuta, pamoja na lile kopo la madini, bado yako nyuma ya banda la zamu, yamefunikwa kwa bati na kuinuliwa juu ya matofali. Lile lori la safari moja lilichukua plastiki na matope, lakini dereva alikataa mapipa, nasi tulimwelewa, kwa kuwa angeyamwaga wapi? Tumemwandikia patroni barua tukimwomba aulize katika mojawapo ya viwanda vyenye tanuru. Jibu halijafika. Vijana wamepanga kurudi mwezi wa Agosti, watu 6 tu kwa nauli yao wenyewe, kukagua viraka, kuangalia kama shimo la kutulizia limejengwa, na kuyahesabu mapipa kabla mvua haijaanza. Kijana wa langoni amesema atawangoja.